Huduma ya Kiroho Wodini Inahitaji Mwenye Dhamana

Katika hospitali zetu nyingi dini haingoji kukaribishwa. Imo katika sala ambayo wauguzi wa hospitali za makanisa huanza nayo siku, imo katika Yasini inayosomwa kwa sauti ya chini kando ya kitanda cha mzee aliyezidiwa, imo katika rozari iliyoviringishwa kwenye chuma cha kitanda na katika chupa ya maji ya maombezi inayokaa juu ya kabati pamoja na vidonge. Saa ya kuona wagonjwa inapofika, wanaoingia si ndugu peke yao: wamo mapadri na wachungaji, wamo masheikh, wamo wanajumuiya waliochangishana nauli, na wamo pia wahubiri ambao hakuna muuguzi anayejua wametumwa na nani. Asiyekuwamo, isipokuwa katika hospitali chache, ni mtu aliyefundishwa kwa ajili ya kazi hiyo, anayetambuliwa na uongozi wa hospitali, anayewajibika kwa kila neno analomwambia mgonjwa, na ambaye daktari wa zamu anaweza kumpigia simu saa nane za usiku akijua kwamba atakuja.

Naamini pengo hili lina madhara yanayoonekana katika tiba yenyewe, na kwamba tumelizoea kwa sababu kila upande una namna yake ya kulifunika. Wapo wanaosema hospitali ishughulike na mwili, na mambo ya imani yaachiwe familia. Wapo wanaoona kwamba maombi, kwa kuwa ni jambo jema, hayawezi kuzidi wala kukosea mahali, kwa hiyo mlango wa wodi uwe wazi kwa kila mwenye Biblia au msahafu. Wote humwacha mgonjwa mikononi mwa yeyote atakayetangulia kufika kitandani kwake, na mtu aliyelala chali akiwa na dripu mkononi hawezi kuinuka akaondoka mahubiri yasipompendeza.

Tiba ya kisasa ilishakiri zamani kwamba roho ya mgonjwa inaihusu. Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi na kisha ofisa wa ustawi wa jamii kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, mjini London mwaka 1967, akafundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia kufa yana sehemu nne zisizotengana: za mwili, za hisia, za mahusiano yake na watu, na za roho. Shirika la Afya Duniani likaiingiza roho katika maelezo yake ya mwaka 2002 ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, na Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziiweke tiba hiyo ndani ya mifumo yao ya afya. Afrika Mashariki haikubaki kutazama. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kwa upande wa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam na Hospitali ya Selian ya Arusha, ambayo ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, zikawa miongoni mwa waliotangulia kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hautapona.

Kazi ya Merriman ina funzo ambalo watu wa dini hawapaswi kulikwepa. Alikuwa daktari, na aliwahi kuwa mtawa wa kimisionari, lakini jambo aliloling'ang'ania kwanza lilikuwa morfini ya maji, ya bei nafuu, ambayo mgonjwa anaweza kuinywa akiwa nyumbani kwake; na mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiandika dawa hiyo, ili asiyekuwa na daktari kijijini asife akipiga kelele. Mtu anayeungua kwa maumivu ya saratani ya mfupa hana nafasi moyoni ya kutafakari rehema ya Mungu, na kumwambia avumilie kwa sababu mateso yana thawabu, wakati dawa ipo na hajapewa, ni ukatili uliovikwa vazi la ibada. Ndiyo maana mhudumu wa kiroho aliyeiva, kabla ya kufungua kitabu chochote, huuliza kama mgonjwa ameshapewa dawa ya maumivu, na kama hajapewa humfuata muuguzi.

Kuiva huko hakutokani na upadri wala usheikh peke yake. Mwaka 1925 mchungaji wa Marekani aitwaye Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, aliwaingiza wanafunzi wa theolojia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa wenyewe mambo ambayo darasani hayakuwafikia. Kutokana na jaribio hilo, na mengine ya wakati huo, yalikua mafunzo ya uchungaji wa hospitalini yanayotolewa leo katika nchi nyingi. Mwanafunzi humtembelea mgonjwa, kisha huketi akaandika mazungumzo yao neno kwa neno kadiri anavyoyakumbuka, akayapeleka mbele ya wenzake na mwalimu wake, nao wakamwonyesha mahali alipomkatiza mgonjwa, mahali alipokimbilia kusali kwa sababu yeye mwenyewe aliogopa swali, na mahali alipoanza kuzungumzia huzuni zake badala ya za mgonjwa. Mafunzo ya aina hiyo hayako mbali nasi, kwa kuwa Hospitali ya KCMC ya Moshi imekuwa ikiyatoa kwa miaka mingi. Ninayaheshimu kwa sababu yanamfundisha kiongozi wa dini jambo gumu kuliko yote kwa mtu aliyezoea mimbari, nalo ni kunyamaza.

Mtu huyu anapokaa kitandani pa mgonjwa hufanya nini hasa? Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusikiliza maswali ambayo mgonjwa hamwulizi daktari, ama kwa kuona aibu, ama kwa kudhani kwamba daktari hayamhusu. Nimemkosea nani hata nikapata hili? Je, mimba zilizoharibika ni adhabu? Nilimfukuza mwanangu nyumbani; nife bila kumwona? Mume wangu anasema nimetupiwa, na mchungaji wetu anasema ni pepo, nanyi hapa mnasema ni figo, sasa nimwamini nani? Maswali haya yana uzito hata kwa asiyejali dini. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliowafuatilia kwa takribani miaka miwili wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, waliokuwa wamelazwa Marekani. Waliokuwa na mgogoro na Mungu wao, yaani wale waliojiuliza kama Mungu amewaacha, waliotilia shaka upendo wake kwao, au waliohitimisha kwamba ugonjwa umeletwa na shetani, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki katika kipindi hicho, hata baada ya watafiti kuzingatia hali zao za mwili na akili. Utafiti mmoja hautoshi kuthibitisha kwamba hofu ndiyo iliyowaua. Lakini unatosha kutuonya sisi ambao katika wodi zetu mgonjwa huambiwa waziwazi, mbele ya wagonjwa wenzake, kwamba ugonjwa wake una mkono wa mtu au wa pepo, kisha msemaji akachukua begi lake akaondoka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoitetea huduma ya kiroho kwa kudai kwamba maombi huponya kuliko dawa. Dai hilo lilipopelekwa maabara halikuwafaa. Mwaka 2006 Herbert Benson na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani, ambao baadhi yao waliombewa na watu wasiowajua. Wasiokuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa kiwango karibu kilekile, wawe wameombewa au hawakuombewa, na waliohakikishiwa kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi kidogo, asilimia 59 dhidi ya 52. Muumini hana sababu ya kutikiswa na takwimu hizo, kwa kuwa Mungu hapimwi kwa kipimo cha maabara. Ila anayo sababu ya kuacha kuiuza sala kama dawa yenye matokeo ya uhakika. Thamani ya mhudumu wa kiroho wodini haitegemei miujiza. Inategemea kama mgonjwa amesikilizwa, kama ameweza kuamua akiwa na utulivu, kama amepatana na watu wake, na kama hofu yake imepungua kiasi cha kumruhusu kulala.

Tulishuhudia mwaka 2011 mambo yanakuwaje pale kiu ya uponyaji isipopata pa kutulia ndani ya hospitali. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Babu wa Loliondo, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, akisema ameoteshwa na Mungu, na barabara ya kwenda huko ikajaa magari kutoka Tanzania, Kenya na kwingineko. Wapo wagonjwa waliotolewa vitandani wapelekwe, wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo waliokuwa wakitumia ARV ambao waliziacha wakiamini wamepona. Wengi wa waliotoa maoni wakati ule waliwacheka au kuwalaani waliokwenda. Mimi naona swali lililopaswa kuulizwa kwa hospitali ni jingine. Mgonjwa wa miaka mingi, aliyechoka na vidonge na aliyevunjika moyo, alikuwa na nani wodini au kliniki wa kumwambia habari ya ndoto hiyo na kikombe hicho bila kukemewa? Kama angekuwapo mtu wa imani anayeaminiwa na mgonjwa na pia na daktari, huenda mgonjwa angekwenda Samunge na dawa zake mfukoni, au angeahirisha safari hadi homa ishuke. Tofauti hiyo ingeokoa maisha, ingawa isingemgeuza mtu yeyote imani yake.

Utafiti uliogusa jambo hili kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ulichapishwa mwaka 2013 na Tracy Balboni na wenzake, nao ulihusu wagonjwa 343 wa saratani iliyofika mbali nchini Marekani. Waliosema wanapata msaada mkubwa wa kiroho kutoka kwa jumuiya zao za dini walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kupata tiba shufaa siku za mwisho, na uwezekano mkubwa zaidi wa kufia katika chumba cha wagonjwa mahututi wakiwa wamefungwa mashine. Miongoni mwa wagonjwa haohao, wale ambao walipata pia msaada wa kiroho kutoka kwa timu ya hospitali waligeuza mwelekeo huo: walipokea tiba shufaa zaidi, na mashine kidogo zaidi. Marekani si Tanzania, na wodi ya wagonjwa mahututi yenye kitanda kwa kila anayehitaji si jambo tunalolifahamu hapa. Hata hivyo maana yake inatufikia. Jumuiya inayompenda mgonjwa wake humsihi apigane, amwamini Mungu, asikubali maneno ya daktari, na mara nyingi haijui kilichoandikwa kwenye faili; kwa hiyo familia inauza shamba la mwisho kulipia safari ya matibabu ambayo daktari mwenyewe anajua haitabadilisha kitu, huku hakuna aliyethubutu kusema kwamba kukubali kurudi nyumbani si kukosa imani. Anayeweza kusema hivyo akasikilizwa ni mtu wa dini aliyekaa na madaktari akaelewa hali ilivyo. Daktari peke yake akisema, ataonekana amekata tamaa, na mchungaji wa mtaani, pamoja na mapenzi yake yote, hajui aseme nini.

Mambo ya Waislamu katika mjadala huu huwa yanatajwa mwishoni na kwa ufupi, nami nataka yapewe nafasi yao, kwa sababu neno lenyewe la uchungaji wa hospitalini limezaliwa upande wa Ukristo na huwafanya Waislamu waone kwamba huduma hii si yao. Kwa Mwislamu kumtembelea mgonjwa ni haki ya ndugu juu ya ndugu, na wala haikuachwa kuwa kazi ya imamu pekee. Tunachokosa ni mtu wa kuyaoanisha mambo ya sheria ya dini na ya tiba. Mgonjwa aliyekatwa mguu anataka kujua kama anaweza kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa vumbi badala ya maji, kitandani, kibla kiko upande gani, na kama sala yake inasihi akiwa na mfuko wa mkojo ubavuni. Hayo yana majibu mepesi katika fikihi, ambayo ina ruhusa pana kwa mgonjwa, lakini asipokuwapo wa kumjibu anaacha sala kwa wiki kadhaa akiwa na huzuni ambayo hakuna kidonge kinachoitibu.

Ramadhani ndiyo inayoonyesha hatari zaidi. Utafiti ujulikanao kama EPIDIAR, uliofanyika mwaka 2001 katika nchi 13 na kuhusisha watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, uligundua kwamba asilimia 43 ya wenye kisukari cha aina ya kwanza na asilimia 79 ya wenye aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15 za mwezi huo, na kwamba matukio ya sukari kushuka kwa kiwango cha hatari yaliongezeka mara kadhaa. Watu hao hawafungi kwa kutojua kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula. Wanafunga kwa sababu ruhusa iliyotolewa na daktari asiyefunga haiwatulizi, na kwa sababu kula mchana wakati nyumba nzima imefunga kunamfanya mtu ajione amepungukiwa. Sheikh aliyefundishwa kuhusu insulini, akikaa na daktari mwezi wa Shaabani, unaoitangulia Ramadhani, na kupanga pamoja nani anaweza kufunga kwa kubadilisha dozi na nani ni wajibu ale, ana uzito ambao kipeperushi chochote cha wizara hakina. Ushauri wa namna hii unapaswa kutolewa kila mwaka katika kliniki za kisukari za Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, kabla mwezi haujaandama.

Kisha kuna maiti. Hospitali huhesabu kwamba kazi yake imekwisha pumzi inapokatika, ila kwa familia saa zinazofuata ndizo zitakazokumbukwa: nani alimfumba macho, kama alikuwapo wa kumtamkisha shahada au wa kumpa mpako wa wagonjwa kwa wakati, kama mwili ulichelewa mochwari hadi maziko yakapita siku. Janga la Ebola la Afrika Magharibi lilionyesha gharama ya kulipuuza hili. Timu zilizovaa mavazi ya kujikinga zilichukua miili bila sala wala kuaga, watu wakaanza kuficha wagonjwa, na mazishi ya siri yakaeneza virusi. Novemba 2014 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa mazishi salama na yenye heshima, ulioandaliwa pamoja na mashirika ya Kikristo na ya Kiislamu, ukiruhusu kwa mfano maiti ya Mwislamu kutayamamishwa juu ya mfuko badala ya kuoshwa, na familia kushiriki sala kutoka umbali salama. Miaka minne baadaye ugonjwa huo ulipolipuka Kivu Kaskazini, katika miji ya Beni na Butembo ambako watu huomboleza kwa Kiswahili, somo lilihitaji kurudiwa, na timu za mazishi zilishambuliwa mara kadhaa na wananchi wasiozielewa. Kiongozi wa dini anayeingizwa katika mpango wakati mawe yameanza kurushwa amechelewa, kwani imani ya watu kwake ndani ya hospitali ilipaswa kujengwa kabla ya janga.

Swali gumu kuliko yote ni la nani amweke mhudumu huyu na nani amlipe. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inalinda uhuru wa kuabudu, na inaweka shughuli na uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Uingereza ilichagua njia tofauti: tangu huduma yake ya afya ya taifa ianze mwaka 1948, hospitali za umma zimekuwa zikiwaajiri makasisi, na miongozo yake ya mwaka 2015 iliwahesabu pia watu wasio na dini. Sidhani njia hiyo inatufaa. Serikali yetu ikianza kumlipa mshahara mchungaji wa wodi, siku ya pili itaulizwa kwa nini si sheikh, siku ya tatu ni wa dhehebu gani, na jambo lililokusudiwa kumtuliza mgonjwa litaishia kwenye hesabu za nani kapewa nafasi ngapi.

Mvutano huo upo tayari. Mwaka 1992 serikali ilitiliana saini na makanisa makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, na tangu wakati huo baadhi ya Waislamu wameyalalamikia kwamba yanaupendelea upande mmoja. Ninayataja kwa sababu hospitali za makanisa si hospitali za waumini wao tu. Bugando ya Mwanza ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki, na KCMC inaongozwa na shirika lenye mizizi ya makanisa, na zote mbili ni hospitali za rufaa za kanda zinazopokea fedha za umma. Mgonjwa wa Kiislamu anayepewa rufaa kutoka Tanga kwenda Moshi hakuchagua kulala chini ya msalaba. Alichagua daktari bingwa aliyekuwa karibu. Hospitali ya namna hiyo ina haki ya kubaki na imani yake, kanisa lake dogo na sala zake za asubuhi, kwani imani hiyo ndiyo iliyoijenga. Lakini ina deni kwa mgonjwa huyo pia, na deni hilo halilipwi kwa kumvumilia. Linalipwa kwa kumpa sheikh anayeingia wodini kwa haki sawa na padri, mahali pa kusalia penye maji, na uhakika kwamba hatahubiriwa asipotaka. Hospitali za Waislamu zina wajibu uleule kwa Mkristo anayelazwa kwao.

Pendekezo langu ni kwamba hospitali, iwe ya umma au ya dini, isimwajiri kiongozi wa dini yoyote kwa ajili ya dini yake, bali iwe na mratibu mmoja wa huduma za kiroho, ambaye anaweza kuwa muuguzi au ofisa wa ustawi wa jamii aliyepata mafunzo ya ziada. Jumuiya za dini ndizo zilete na kuwalipa watu wao, zikiwapeleka kwanza kwenye mafunzo yanayotambuliwa. Hospitali iwape kitambulisho baada ya kuwapima, na iwe na uwezo wa kukiondoa. Masharti ya kitambulisho hicho nayaona kuwa machache na magumu: kutunza siri za mgonjwa kama daktari anavyozitunza, kutomwambia mgonjwa aache au apunguze dawa, kutopokea sadaka kitandani, kutotafuta muumini mpya, kutokemea pepo wodini, na kuondoka anapoambiwa basi. Mhubiri asiyekubali masharti hayo abaki nje ya lango, hata awe na wafuasi wengi kiasi gani. Najua sharti la kutotafuta muumini mpya litawauma baadhi ya ndugu zangu wanaoamini kwamba kitanda cha mauti ndiyo nafasi ya mwisho ya wokovu. Nawaheshimu, ila mtu anayeitegemea hospitali kwa chakula, dawa na hewa hayuko huru kukataa, na uongofu wa asiyekuwa huru haumheshimu yeye wala anayempokea.

Fedha hazikosekani kwa wanaotaka kuzitafuta. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyokamilika mwaka 1284, iliendeshwa kwa mali ya wakfu na kupokea matajiri na maskini, wanaume na wanawake. Na Zanzibar ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hadi leo. Makanisa nayo yana harambee za majengo kila mwaka. Kumsomesha na kumtunza mhudumu mmoja wa hospitali ya mkoa ni gharama ndogo kuliko ya paa la kanisa au zulia la msikiti, na hoja kwamba tungetatua kwanza upungufu wa wauguzi ninaigeuza: muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi usiku ndiye anayebaki peke yake na mama anayelilia kichanga kilichokufa, akiwa hana dakika ya kumkalia. Mhudumu wa kiroho humpunguzia mzigo huo, na mara nyingi humsikiliza muuguzi mwenyewe, ambaye ameona vifo vingi kuliko padri wa parokia yake.

Kuna hatua isiyohitaji bajeti. Fomu ya kumpokea mgonjwa katika hospitali nyingi ina nafasi ya kuandika dini, na kwa kawaida nafasi hiyo husomwa tu mgonjwa anapofariki. Iongezwe sentensi moja inayomuuliza, akiwa bado na nguvu, kama angependa kuonana na mtu wa imani yake, na nani hasa; kila wodi ibandikwe namba za simu za wahudumu wanaotambuliwa wa kila dini, na daftari la zamu lionyeshe nani aliitwa na alifika saa ngapi. Mgonjwa anayejibu kwamba hataki mtu yeyote, jibu lake liandikwe kwenye faili kwa wino uleule wa mzio wa dawa, na liheshimiwe na zamu zote, hata siku ambayo ndugu zake watafika na mchungaji wao mlangoni wakidai aingie.